Pembe Lazima Zipite Forodhani: Wadai wa Unguja na Madeni ya Bara

Katika karne ya 19, tajiri wa Unguja aliyempa msafiri wa bara mali kauli, yaani mali ya mkopo, alijua kwamba faida ikirudi itakuwa nene. Alijua pia kwamba mdaiwa wake akishavuka Bagamoyo na kuipita Ugogo, hakuna askari, kadhi wala balozi atakayemfuata. Hata hivyo mali ilitoka mwaka baada ya mwaka: marobota ya merikani na kaniki, shanga, masango, bunduki na baruti. Ilikopeshwa watu waliokwenda kukaa Tabora, Ujiji au Nyangwe miaka mitano, kumi, wengine hadi kufa kwao. Sehemu kubwa ya madeni hayo ililipwa na sehemu kubwa ilipotea. Historia ya jinsi yalivyolipwa na jinsi yalivyopotea ndiyo inayotueleza kwa nini biashara ya Afrika Mashariki ilipita mikononi mwa watu iliopita, na kwa nini suala la kudai nje ya mpaka bado linatusumbua.

Daftari la Jairam, 1833–1856

Seyyid Said bin Sultan alipohamia Unguja kutoka Maskati, katika miaka ya 1830 na kuelekea 1840, alikuwa na dola yenye pwani ndefu na askari wachache. Nguvu yake ilikuwa bandarini. Alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844, na kila mkataba ulimpa balozi wa taifa lile haki ya kuhukumu watu wake mwenyewe. Kifungu hicho kilionekana kidogo wakati ule. Baadaye kiliamua kesi nyingi kuliko upanga.

Forodha aliikodisha. Mpangaji alimlipa Sultani kiasi maalumu kwa mwaka, kisha akakusanya ushuru mwenyewe na kubaki na ziada. Tangu miaka ya 1830 hadi miaka ya 1880, isipokuwa kipindi kifupi nitakachokitaja, mpangaji huyo alikuwa nyumba ya Jairam Shivji, Bhatia kutoka Kutch. Jairam alikuwa mwenye forodha, na papo hapo mkopeshaji mkubwa wa mji. Msafiri aliyemkopa alikwenda bara akarudi na pembe, na pembe zile hazikuwa na njia ya kufika Bombay, London au Salem ila kwa kupita mbele ya makarani wa mtu yule yule anayemdai. Utaratibu wa kukopesha wa Unguja ulisimama juu ya jambo hilo.

Mnyororo wa mikopo ulianzia mbali. Merikani ilifumwa Massachusetts na kuletwa na meli za Salem. Nahodha wa Kimarekani hakuweza kungoja miaka mitatu auze mali yake bara, kwa hiyo aliwaachia matajiri wa Kihindi kwa miadi ya miezi kadhaa. Wahindi nao waliwapa Waarabu na Waswahili wa misafara kwa miadi ya miaka. Msafiri aliwaachia watu wake wa Tabora au Ujiji sehemu ya mali wakafanye biashara mbele zaidi. Kila kiungo kilidai kiungo kinachofuata, na cha mwisho kilikuwa mtu aliyekaa na kitambaa katika kijiji cha Manyema akingoja pembe.

Riba ilikuwa haramu kwa Waislamu, na ilikwepwa kwa bei. Mali ya mkopo iliandikwa kwa bei ya juu kuliko ya taslimu, na pembe za malipo mara nyingi zilikatiwa bei mapema, mtaji haujafika hata Mrima. Kwa dhamana msafiri aliweka rehani shamba lake la karafuu au nyumba yake ya mjini, mara nyingi kwa bei khiyari: anauza kwa jina, anaendelea kukaa, na akileta fedha katika muda uliowekwa anajirudishia mali yake. Asipoleta, mauzo yanakuwa mauzo. Asiyekuwa na shamba alitafuta mdhamini, ndugu au rafiki mwenye jina mjini, na mdhamini huyo ndiye aliyekamatwa msafiri asiporudi.

Siku 134 hadi Kazeh, 1857–1870

Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walitembea siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, mahali panapojulikana leo kwa jina la Tabora. Msafara wa wafanyabiashara waliozoea njia ungeweza kwenda upesi zaidi, lakini hata huo ulihitaji miezi. Kutoka hapo hadi Ujiji kulibaki takriban mwezi mmoja, na kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda Manyema kulikuwa safari nyingine. Barua ya mdai iliyotoka Unguja wakati wa kusi ingejibiwa mwaka uliofuata, kama ingejibiwa.

Burton na Speke walipokelewa Kazeh na Snay bin Amir, Mwarabu mwenye elimu na ukarimu, na Speke baadaye alikaa na Musa Mzuri, Mkhoja aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa pwani kufanya makao huko. Wenyeji hao waliishi vizuri: nyumba za tembe, mashamba, ng'ombe, watumwa na wake. Wengi wao hawakuwa na haraka ya kurudi, na deni lilikuwa sababu mojawapo. Mtu aliyepata hasara katika safari, kwa vita, kwa ndui iliyoua wapagazi wake au kwa hongo aliyotozwa njiani Ugogo, akirudi pwani angekuta daftari linamngoja, na nyuma ya daftari Gereza la Ngome Kongwe. Akibaki Unyanyembe, nchi ya Tabora, alikuwa bwana. Kwa hiyo alibaki, akatumaini kwamba msimu ujao pembe zitatosha.

Mkono wa Sultani ulifika huko, lakini ulifika dhaifu. Aliweka mtu wake Tabora, akaandika barua, akawahimiza Waarabu wamrudishe fulani. Nchi hata hivyo ilikuwa na mtemi wake. Waarabu walipojitia katika ugomvi wa utemi wa Unyanyembe, wakamwondoa Manua Sera na kumweka Mkasiwa, walivuna vita vilivyomuua Snay bin Amir mwenyewe na kufunga njia. Mdai wa Unguja hakuwa na kesi ya kufungua dhidi ya vita. Alifuta deni, au aliliandika upya kwa muda mrefu zaidi na bei ya juu zaidi, na hilo la pili ndilo lililofanyika mara nyingi.

Juu ya ngazi nako hali haikuwa nyepesi. Seyyid Said alikufa mwaka 1856, na wanawe wakagombania urithi. Tuzo ya Canning ya Aprili 1861 iliitenga Unguja na Oman, ikamtaka Seyyid Majid ailipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Wakati huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata merikani iliyokuwa kama fedha ya bara. Majid alikopa kwa mpangaji wa forodha yake, akaendelea kukopa. Alipokufa mwaka 1870, ndugu yake Barghash alirithi kiti pamoja na dai la nyumba ya Jairam lililohesabiwa kwa mamia ya maelfu ya riale. Jairam mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, na mambo yote yalikuwa mikononi mwa Ladha Damji, mzee aliyekuwa akiisimamia nyumba hiyo Unguja kwa muda mrefu. Sultani aliyedaiwa na mwenye forodha hakuwa huru kumfukuza mwenye forodha. Mdai naye hakuwa huru kumbana Sultani hadi avunjike, kwa kuwa akivunjika, mlango wa forodha ungevunjika naye.

Miaka mibaya, 1871–1876

Oktoba 1871 David Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema akiwa mgonjwa, akitegemea kukuta vitu alivyotumiwa na ubalozi wa Uingereza kupitia kwa Ladha Damji. Hakukuta kitu. Sherif, mtu aliyekabidhiwa msafara, alikuwa ameuza karibu kila kitu, akajitetea kwamba alipiga bao kwa Qurani akaona Mzungu amekufa. Livingstone alilalamika kwa uchungu, lakini hakuwa na wa kumshitakia. Mtu yule alitembea huru mjini. Ikiwa mali ya rafiki wa balozi wa Uingereza iliweza kuliwa namna hiyo, ni rahisi kupima hali ya tajiri mdogo wa Unguja aliyemkopesha msafiri marobota yake machache.

Mwaka huohuo Mirambo wa Urambo aligombana na Waarabu wa Tabora juu ya njia na hongo. Stanley, aliyekuwa akipita kwenda kumtafuta Livingstone, aliingia katika vita upande wa Waarabu na kuona wakishindwa. Njia ya Ujiji ikafungwa na kufunguka na kufungwa tena kwa miaka kadhaa. Pembe zilizokuwa upande wa pili hazikuweza kushuka, madeni yaliyoiva hayakulipwa, na bei ya pembe Unguja ikapanda huku waliokuwa nazo wameshikwa nyuma ya vita.

Aprili 1872 kimbunga kilipita Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Pemba ilinusurika. Juni 1873, mbele ya vitisho vya manowari za Waingereza, Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Mashamba yaliyowekwa rehani yalikuwa yamepoteza miti, na wenyewe walikuwa wamekatiwa nguvukazi waliyoizoea. Sir Bartle Frere, aliyekuja kulazimisha mkataba huo, aliangalia pia hesabu za Wahindi, akakuta nyumba moja tu, ya Jairam, ina zaidi ya pauni 400,000 zilizotawanywa katika mikopo na rehani. Miongoni mwa waliodaiwa walikuwamo jamaa wa Sultani, Waarabu wa visiwani na bara, na hata Wazungu na Wamarekani. Daftari lilionesha utajiri mkubwa, lakini utajiri wenyewe ulikuwa ahadi za watu wengine.

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo wadai hawakuliandika. Shinikizo la deni halikuishia kwa mdaiwa. Msafiri aliyebanwa na Unguja na ambaye hakuwa na mali ya kununulia pembe alizichukua kwa bunduki. Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, iliingiwa katika miaka hiyohiyo na watu wenye madeni ya kulipa na baruti ya mkopo mkononi. Vijiji vilichomwa, wanawake walikamatwa ili wakombolewe kwa pembe, na wanaume wakabebeshwa pembe zenyewe. Livingstone alikuwapo Nyangwe Julai 1871, watu wa misafara walipofyatulia risasi soko lililojaa wanawake. Tajiri aliyekaa Forodhani na daftari lake hakumwona mtu yeyote akifa. Lakini sehemu ya yaliyoandikwa kuwa yamelipwa ililipwa na watu wa Manyema ambao hawakukopa hata upande wa kitambaa.

Mtu aliyelipa, 1866–1882

Kati ya wadaiwa wote wa Unguja, aliyejulikana zaidi alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Tippu Tip. Aliisimulia habari ya maisha yake kwa Kiswahili, ikachapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, na hesabu za mikopo hazikosi ndani yake. Safari zake za mwanzo alizifanya kwa mali kauli aliyoikusanya kwa matajiri wengi, huyu kidogo na yule kidogo, kwani hakuna aliyependa kumkabidhi kijana mmoja mtaji mzima. Kisha, katika Itabwa, alimpiga Nsama, mtemi aliyekuwa ameshinda misafara ya watu wa pwani kabla yake, na akatwaa pembe nyingi zilizokuwa zimelundikwa kwa miaka. Madeni yakalipwa. Kuanzia hapo milango ilimfungukia.

Taria Topan ndiye aliyemfungulia wa mwisho na mkubwa. Mkhoja huyu wa Kutch alikuja Unguja akiwa mtoto maskini, akapanda hadi kuwa mshindani wa nyumba ya Jairam, na kati ya 1876 na 1880 akaichukua hata forodha yenyewe. Alimkopesha Tippu Tip mali nyingi kwa safari iliyoanza karibu na mwaka 1870. Mdaiwa huyo hakurudi hadi mwishoni mwa 1882. Kwa miaka kumi na ushee Taria alikaa na deni ambalo hakuna mahakama duniani ingeweza kulifuata hadi Kasongo, Manyema.

Sioni kwamba Taria alikuwa mjinga au mcheza kamari. Alijua mambo matatu juu ya mtu wake. Tippu Tip alikuwa na familia, nyumba na mashamba Unguja, na alitaka kuzeeka huko kama bwana. Pembe zake zilikuwa nyingi mno kuuzwa mahali pengine popote, kwa hiyo zingepita forodhani. Na bila mali mpya ya Unguja, vitambaa na baruti, asingeweza kukaa na himaya yake Manyema. Ile haja ya kurudi ilimfunga kuliko hati yoyote aliyotia saini. Alipotokea pwani na misafara mirefu ya pembe, pembe zile zilimlipa Taria na kumwacha Tippu Tip tajiri. Wakati aliokuwa bara, bei ya pembe ilikuwa imepanda na ya vitambaa imeshuka, kwa kuwa viwanda vya ng'ambo vilifuma kwa wingi huku Marekani na Ulaya zikitaka pembe za vinanda na vishikio vya visu. Kuchelewa hakukumuumiza Taria hata kidogo.

Mlango unavunjika, 1884–1894

Mwisho wa utaratibu huu ulikuja kwa haraka. Karl Peters alizunguka Usagara na mikataba yake mwishoni mwa 1884. Mkutano wa Berlin ulimtambua Leopold II wa Ubelgiji kuwa mwenye Congo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walimpunguzia Sultani bara yote, wakamwachia ukanda wa pwani wa maili kumi. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilichukua usimamizi wa ukanda wa kusini pamoja na ushuru wake, na kampuni ya Kiingereza ilikuwa imekwisha kuchukua wa kaskazini. Pwani iliinuka, Pangani ikiongozwa na Abushiri bin Salim, na ikazimwa kwa mizinga. Watu hukumbuka bendera na mizinga. Kwa wadai wa Unguja, pigo lilikuwa forodha: pembe zingeweza sasa kutozwa ushuru Bagamoyo na kusafirishwa zisionekane Unguja kabisa.

Kesi moja ya miaka hiyo inaonesha vizuri jinsi dunia ilivyobadilika. Februari 1887 Stanley, akielekea kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Equatoria, alifanya makubaliano na Tippu Tip mjini Unguja, akamchukua kwa meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa Mto Congo. Leopold alimfanya Tippu Tip liwali wa Stanley Falls, naye akaahidi kutoa wapagazi 600 kwa msafara. Wapagazi walichelewa, na walipopatikana hawakutimia. Kikosi kilichoachwa nyuma kiliteketea kwa njaa na maradhi, na mkuu wake, Barttelot, akauawa Julai 1888. Stanley alipofika pwani Desemba 1889 alimshitaki Tippu Tip, akidai fidia ya pauni 10,000 kwa kuvunja mkataba.

Mshitakiwa alikuwa Congo, upande wa pili wa bara. Hakuwa raia wa Uingereza, na kwa hiyo mahakama ya ubalozi wa Uingereza haikuwa na mamlaka juu yake. Lakini Dola ya Congo ilikuwa imemlipa fedha, na fedha hizo zilikuwa zimeshikwa Unguja na wakala wake, Jaffar Tarya, mwana wa Taria Topan. Jaffar alikuwa Mhindi chini ya himaya ya Uingereza. Stanley aliishika fedha mikononi mwa mtu ambaye mahakama inamfikia, na mdaiwa aliyekuwa Stanley Falls akalazimika kufunga safari. Tippu Tip aliondoka Congo mwaka 1890 na kufika Unguja mwaka uliofuata. Shauri lenyewe halikufika mwisho, Stanley aliliacha. Lakini kile kifungu cha mikataba ya Seyyid Said kuhusu raia wa mataifa sasa kilikuwa kimefanya kazi ambayo barua za Sultani hazikuifanya kwa miaka 50: kilimtoa mdaiwa bara.

Taria Topan hakuyaona yaliyofuata. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1890 na kufariki mwaka 1891. Jengo alilolianzishia hospitali bado limesimama mbele ya bahari mjini Unguja. Mwezi Septemba wa mwaka huohuo wa 1891, Leopold alitoa amri kwa siri kwamba pembe na mpira wa maeneo makubwa ya Congo ni mali ya dola. Kwa amri hiyo, pembe zilizokuwa dhamana ya mikopo ya Unguja ziligeuzwa kuwa za magendo zikiwa bado kwenye maghala ya Kasongo. Vita vikazuka mwaka 1892. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili, na Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka huo. Rumaliza, mwenye Ujiji, alipigwa na kukimbilia upande wa Wajerumani. Baadaye alimshitaki Tippu Tip juu ya ubia wao wa pembe, na wazee waliotawala njia zote za Manyema wakamaliza siku zao wakidaiana makaratasi.

Matajiri wengi walikuwa na mali yao yote bara wakati huo. Wale walioshika rehani za mashamba Unguja na Pemba waliyabana hayo. Waliokuwa na daftari tupu waliishia na daftari.

Duka linamfuata mteja, 1890–1916

Waliofaulu katika zama mpya waliacha kumkopesha mtu anayeondoka. Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo alikuwa daraja kati ya zama mbili hizo: aliwapatia wasafiri wapagazi na mizigo, akalipwa na Wazungu wenye fedha benki, na faida akaiweka katika majumba. Alipofariki mwaka 1897, kijana aliyefunzwa katika biashara hiyo, Allidina Visram, alikuwa amekwisha kutambua njia. Alifungua matawi Tabora na Ujiji, kisha akafuata reli ya Uganda iliyofika Kisumu mwishoni mwa 1901, akaenea Kampala, Jinja na vituo visivyohesabika vya kando ya njia. Karani wake aliishi na mkopaji, alijua shamba lake na watu wake, na alikopesha kidogo kidogo kwa rupia na kwa msimu mmoja wa mavuno. Deni lilifupishwa kutoka miaka mitatu hadi miezi michache, na umbali ukafupishwa kutoka siku 134 hadi upande wa pili wa barabara.

Kulikuwa na mpaka mmoja ambao haukufupika. Reli ya Matadi ilipokamilika mwaka 1898, mali ya Congo ilielekezwa Atlantiki. Visram alijaribu kufanya biashara upande huo pia, na inasemekana homa iliyomuua mwaka 1916 aliipata katika safari ya Congo.

Waliopotea katika mabadiliko haya walikuwa wasafiri wa Kiarabu, Kiswahili na Kinyamwezi. Utaratibu wa zamani, pamoja na dhuluma zake zote, ulimpa mtu wa Pangani au Tabora mtaji mkubwa kwa jina lake. Duka la karani lilimpa chumvi na kitambaa. Serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilimalizia kazi hiyo mwaka 1923 kwa sheria iliyozuia mikopo kwa wenyeji: deni la Mwafrika kwa asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani ila liwe limeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuwalinda. Matokeo yake ni kwamba mfanyabiashara Mwafrika mwenye uwezo hakuweza kukopeshwa mtaji wa maana na tajiri yeyote mwenye akili timamu. Unguja nako, mwaka 1934, serikali ilizuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasiendelee kuhamia kwa wadai wa Kihindi. Naiona sheria ya 1923 kuwa miongoni mwa makosa makubwa ya uchumi wa ukoloni, kwa kuwa athari yake iliwakuta wafanyabiashara wetu wakati wa uhuru wakiwa hawana benki inayowajua.

Hukumu bila forodha, 1921 hadi leo

Palipokuwa na forodha, watawala waliweka sheria. Tanganyika ilipata mwaka 1921 sheria iliyoruhusu hukumu za Kenya, Uganda na Unguja zitekelezwe kwa kusajiliwa, bila kesi kuanzwa upya. Iliwezekana kwa sababu bendera ilikuwa moja. Baada ya uhuru bendera zikawa nyingi, na kila nchi ikabaki na orodha yake ya majirani inaowaamini. Sheria ya Kenya ya mwaka 1984 kuhusu hukumu za kigeni inazikubali Tanzania, Uganda, Rwanda, Malawi na Zambia, pamoja na Uingereza, Australia na Shelisheli. Burundi haimo. Congo haimo.

Hata pale ambapo majirani wamo, mdai hana uhakika. Oktoba 2020 Mahakama Kuu mjini Kampala iliamua kwamba mkopo uliotolewa na benki ya Kenya kwa mfanyabiashara wa Uganda, kupitia benki dada ya Kampala, ulikuwa haramu kwa kuwa benki ya Kenya haikuwa na leseni ya kufanya biashara ya benki Uganda. Mabenki yalishituka, maana mikopo mikubwa ya eneo hili mara nyingi hukusanywa na benki za nchi zaidi ya moja. Mei 2021 Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu hiyo, mabishano yakapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2023 kesi ikarudishwa isikilizwe upya. Kwa miaka hiyo yote mali iliyowekwa dhamana ilikuwa katika mgogoro.

Julai 2022 Congo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Benki za Kenya zimekwisha kununua benki Kinshasa na Lubumbashi, malori ya Dar es Salaam na Mombasa yanapeleka mali Goma, Bukavu na Lubumbashi, na mali hiyo hupelekwa kwa mkopo kama zamani. Congo inafuata sheria za biashara za OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi kadhaa za Afrika, tangu mwaka 2012, kwa Kifaransa na kwa taratibu ambazo wanasheria wengi wa Nairobi na Arusha hawakuzisoma. Kasongo na Nyangwe zimo tena katika soko moja na Unguja, kwa mara ya kwanza tangu 1893, na hakuna forodha moja wala sheria moja inayomsimamisha mdaiwa mbele ya mdai wake. Mkataba wa Jumuiya wa kutambua hukumu za nchi wanachama wote, Burundi na Congo zikiwamo, unapaswa kuandikwa kabla deni la kwanza kubwa halijapotea, na wabunge wetu wa Jumuiya walioko Arusha ndio wa kuanza kuudai.